Sponji ya Kinyozi

Mama Povu hakupewa jina hilo bure. Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na sita, na katika chumba kile cha mvuke, chenye mashine nne na mapipa mawili ya kuchemshia, neno lake ndilo lililokuwa sheria. Shuka likiingia na doa, litatoka bila doa au halitoki. Wenzake walisema siku akikiona kivuli chake kina vumbi atakiloweka. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kumeza maneno akiudhika, jina lile lilimkaa sawasawa, hata mumewe alilitumia alipotaka kumchokoza.

Mwanamke wa namna hiyo akaolewa na kinyozi anayefuga samaki. Ndoa ni bahati nasibu, jamani.

Tangi lenyewe lilikaa sebuleni, juu ya meza nene ya mbao kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumbani. Lilikuwa la kioo, refu kuliko mikono ya mtu akiinyoosha. Ndani mlikuwa na samaki tisa wa rangi ya machungwa, majani mawili matatu, na pampu ndogo iliyonguruma kutwa kucha. Pampu ilivuta maji kupitia sponji nyeusi iliyofungwa kwenye bomba. Ile sponji ndiyo iliyokuwa chanzo cha vita. Kila mwezi Kinyozi aliichomoa, akaikamua mara tatu kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini humohumo, kisha akairudisha ikiwa bado imejaa uchafu wa kahawia. Hakutumia sabuni wala maji ya bomba. Mkewe alisimama mlangoni akiwa amejishika kiuno, akauliza kama huko ndiko kuosha, na kama wateja wake nao huwanyoa hivyo, upande mmoja na kuwaambia waende.

"Bibie," Kinyozi alikuwa akijibu bila kuinua kichwa, "samaki hawalali kwenye mashuka."

Basi wakacheka, au wakanuniana, kutegemea siku. Miaka ishirini na mitatu ilipita hivyo.

Kisha Kinyozi akafa. Moyo ulimsimama akiwa kazini, mashine ya kunyolea ikiwa mkononi, na mteja akabaki na nusu ya kichwa. Mteja yule alikuja msibani hivyohivyo, nusu nywele nusu kipara, kwa sababu hakutaka mkono mwingine ummalizie siku ile. Watu walimtazama wakashindwa wacheke au walie. Mama Povu alifanya yote mawili.

Wiki mbili baadaye wageni walikuwa bado wanaingia na kutoka. Alipokuwa akifuta meza kwa ajili yao, aliiona ile sponji kupitia kioo, imevimba kwa uchafu, akaona haya. Watu watasema mume ametoka na usafi wake. Akaichomoa. Akaichemsha kwa sabuni, akaisuuza, akaichemsha tena kwa dawa ya madoa aliyoijua vizuri kuliko mtu yeyote katika mji ule, mpaka maji yakatoka meupe. Tangi nalo akalimwaga lote, akasugua kokoto moja moja kwa brashi, akajaza maji mapya ya bomba. Liling'aa. Alikaa mbele yake akajisemea kwamba angalau hilo amemfanyia.

Siku ya nne samaki wote tisa walikuwa wamekufa.

Wageni walitikisa vichwa wakasema samaki wamemfuata mwenyewe, wanyama wana yao wasiyoyasema. Naye akalishika neno hilo. Alilirudia kazini, alilirudia kwa majirani, na ukweli ni kwamba lilimfariji. Kinyozi hakwenda peke yake. Akalikausha tangi, akalifunika kwa shuka jeupe, na sponji akaitupa.

Miezi kumi na moja ilipita. Bintiye, mwalimu katika mji mwingine, alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na Jumapili moja akamwambia kwa upole kwamba tangi tupu linakula nafasi. Pangewekwa kabati lingine hapo, au hata kiti. Mama Povu alisema atafikiri. Alipokata simu alikaa sebuleni, na kwa mara ya kwanza akakiri kilichokuwa kikimsumbua wakati wote ule. Ni kimya. Nyumba haikuwa na mngurumo. Zamani alikuwa akiulalamikia, akisema kelele zile zitamtia wazimu, na sasa alikuwa akiingia kutoka kazini anasimama katikati ya sebule na begi begani, anasikiliza, hasikii kitu. Alimkosa mumewe kwa masikio kabla ya kumkosa kwa macho. Aliutaka ule mngurumo urudi, na samaki ndani yake, na mwanga ule wa kijani ukutani saa za jioni. Aliutaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

Kesho yake baada ya zamu akalifunua tangi, akalifuta, akapanga kokoto, akajaza maji. Akaitoa pampu kwenye sanduku la vifaa vya marehemu, akanunua sponji mpya, akaifunga kwa uzi. Pampu ikanguruma. Alikaa nayo kwa muda mrefu. Asubuhi iliyofuata, siku yake ya mapumziko, akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, duka ambalo Kinyozi alikuwa akipotelea kila mwisho wa mwezi akidai amekwenda kununua nyembe.

Muuza samaki alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyoungwa kwa waya. Alimtambua mara moja, akampa pole upya. Mama Povu akaonyesha kwa kidole samaki wa rangi ya machungwa, akasema anataka tisa. Mzee hakuchukua wavu. Aliuliza maji ya tangi yana umri gani.

Mama Povu hakuwa amewahi kusikia maji yakiulizwa umri. Alisema ni ya jana, tena safi kabisa. Mzee akauliza vipi sponji. Mpya, akajibu, haijaguswa. Na ile ya zamani iko wapi? Hapo Mama Povu, kwa fahari kidogo ya ufundi wake, akamweleza alivyoichemsha mara mbili, na dawa aliyotumia, na ilivyotakata.

Mzee alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Mama," alisema, "samaki wanajisaidia mlemle wanamoishi. Ule uchafu wao ni sumu. Ule ukahawia uliouona kwenye sponji ni vijidudu, vidogo havionekani, na kazi yao ni kuila ile sumu. Vinachukua wiki nyingi kuota. Vikifa, samaki wanakufa."

"Kwa siku ngapi?"

"Tatu. Nne."

Mama Povu alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya gunia la kokoto. Kwa miezi kumi na moja alikuwa amesema wamemfuata mwenyewe. Hawakumfuata mtu. Yeye ndiye aliyewaua, tena kwa mikono hii aliyokuwa akisifiwa nayo, na kile alichokiita uchafu ndicho mumewe alichokuwa akikilea muda wote ule, akikamua kwa hesabu, akirudisha kwa hesabu, huku yeye amesimama mlangoni anamcheka. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja na mizigo yake yote siku moja.

"Mbona hakuniambia?" aliuliza.

Mzee alisema huenda alimwambia. Mama Povu alifikiri. Inawezekana. Kinyozi alikuwa na mazoea ya kusimulia mambo ya samaki wakati yeye anapiga pasi, na yeye alikuwa na mazoea ya kuitikia mhm.

Kulikuwa na njia mbili, mzee akaeleza. Ya kwanza ni kungoja. Wiki sita, pengine nane, maji yajitengeneze. Ya pili ni kupata kipande cha sponji kutoka kwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, ukiweke kwenye lako, na vile vijidudu vitahamia. Yeye angempa cha dukani, lakini samaki wake walikuwa na ugonjwa wa madoa meupe wiki ile na asingependa kumgawia balaa. Kisha akakuna kidevu. Akasema Kinyozi mwenyewe aliwahi kukata nusu ya sponji yake akampa rafiki yake, daktari wa meno wa pale karibu na stendi, alipokuwa anaanzisha tangi la chumba cha wagonjwa. Ilikuwa miaka saba iliyopita. Pampu ilinunuliwa hapahapa.

"Kama lile tangi lipo bado," mzee alisema, "basi vilivyomo ni vya mumeo."

Mama Povu alikwenda kwa miguu, na alitembea kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa yameizoea.

Kwa daktari wa meno, msichana wa mapokezi alimwandika kwenye foleni kabla hajafungua mdomo. Alipojaribu kueleza kwamba hana jino linalouma, amekuja kwa ajili ya samaki, msichana alimtazama kwa huruma na kumwambia maumivu makali huwa yanachanganya watu, aketi tu atahudumiwa. Akaketi kati ya mashavu mawili yaliyovimba. Tangi lilikuwa mbele yake, dogo kuliko la kwao. Samaki walikuwa watatu, na wote walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wakihema. Pampu ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Hata yeye asiyejua kitu alijua hapo hakuna uzima.

Daktari alipotoka kumwita mgonjwa mwingine alimwona, akashusha barakoa. "Shemeji," alisema. Hawakuwa wameonana tangu mazishi. Mama Povu akamweleza shida yake kwa ufupi, na daktari akawaomba wenye mashavu wamvumilie dakika chache, akavuta kiti.

Alisema Kinyozi alikuwa akija kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na ndoo yake. Alimnyoa kwanza, palepale kwenye kiti cha kung'olea meno, kisha akaishughulikia sponji, kisha wakanywa chai. Tangu alipoondoka hakuna aliyeigusa. Samaki walikuwa saba.

"Najua ilitakiwa isafishwe," daktari alisema. "Kila mwezi najiambia leo. Nikiingiza mkono nashindwa. Mtu wa mwisho kuishika ni yeye, shemeji."

Mama Povu alimwelewa kuliko daktari alivyodhani. Aliomba ndoo. Alikunja mikono ya gauni, akateka maji ya tangi humohumo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akachomoa bomba na sponji yake pamoja.

Ilikuwa nzito, inateleza, ya kahawia iliyokolea kabisa. Na ilikuwa imefungwa kwenye bomba kwa kitambaa. Alikisugua kwa kidole gumba, ukatokea mstari wa bluu, kisha mwingine. Hakuhitaji wa tatu. Lilikuwa pande la kitambaa cha kuwafunikia wateja, cha mistari ya bluu, alichokifua kwa mikono yake mara zisizo na idadi, ambacho siku moja hakikurudi nyumbani. Waligombana siku tatu kwa ajili ya kitambaa hicho. Kinyozi aliapa hajui kilikokwenda, akaapa tena, akafika mpaka kumsingizia upepo.

"Mwongo mkubwa," Mama Povu alisema, akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani akalia mbele ya wagonjwa wote.

Daktari alimngoja. Kisha akaona anachokitazama. Lilikuwa fundo. Kinyozi alikuwa na fundo lake, alilolitumia kwa kila kitu, kuanzia kamba ya kuanikia nguo hadi mfuko wa sukari: mizunguko mitatu, na mkia umefichwa chini. Alipokufa nyumba ilikuwa imejaa mafundo hayo. Mama Povu aliyafungua moja baada ya jingine bila kufikiri, akitaka sukari, akitaka kamba, mpaka siku moja akagundua kwamba hakuna lililobaki. Aliwahi kujaribu kulifunga mwenyewe, jikoni, kwa kipande cha uzi. Halikutokea.

Sasa lilikuwepo moja mkononi mwake, na samaki watatu walikuwa wanahema.

Daktari alirudi na mkasi mdogo wa kazini. Alimshauri akate kitambaa upande wa pili, fundo libaki zima, aende nalo nyumbani. Ulikuwa ushauri mwema. Mama Povu aliushika mkasi, akaufikisha kwenye kitambaa, akausimamisha hapo. Alilitaka fundo lile. Angeliweka kwenye kabati la vyombo, angelitazama kila siku mpaka atakapokufa naye.

"Nikilikata nitabaki nalo," alisema, "lakini sitajua alivyolifunga."

Akauweka mkasi chini. Alianza kwa ukucha, taratibu, akiutafuta mkia. Karibu mwaka mzima ndani ya maji ulikuwa umelikaza. Aliuona mkia ulikopita, akauvuta, akasimama, akaurudisha, akauvuta tena ili aone vizuri. Mzunguko wa tatu ulikwenda nyuma ya wa kwanza. Hapo ndipo alipokuwa akikosea jikoni. Vidole vyake vilifuata njia ya vidole vya mumewe kuanzia mwisho hadi mwanzo, na hakuwa na haraka, na hakuna hata mmoja mwenye jino aliyenung'unika. Likafunguka. Kikabaki kitambaa tu, kirefu, chenye mikunjo.

Alikata kipande cha sponji, akakitia ndani ya kopo lenye maji yaleyale na mfuniko. Iliyobaki aliikamua kwenye ndoo, mara tatu, si zaidi, ingawa mikono yake yote ya udobi ilikuwa inamwomba ya nne. Kisha akaichana ile tepe ya kitambaa katikati kwa urefu, nusu moja akaifungia sponji ya daktari, mizunguko mitatu, mkia chini. Mara ya kwanza lilikataa. Mara ya pili likakaza. Pampu iliacha kukohoa. Alipoulizwa nani atakuwa akija kila mwezi, alisema swali gani hilo, na daktari akashukuru akarudi kwa wagonjwa wake.

Nyumbani aliyamwaga maji ya tangi yote, kwa kuwa mzee alimwonya kuhusu dawa iliyomo kwenye maji ya bomba. Alijaza ndoo, akaziacha wazi mpaka kesho yake jioni ili dawa itoke, na kipande chake cha sponji kikakaa kwenye beseni la maji aliyoyabeba kutoka tangi la daktari, pampu ikizunguka ndani yake, asije akakikausha. Kisha akajaza tangi, akakifunga kipande kwenye bomba pamoja na ile sponji mpya. Siku iliyofuata mzee alimuuzia samaki wawili tu, kwa shingo upande, akamwambia awape chakula kidogo, na akifika siku ya tano wakiwa hai arudi wazungumze.

Siku zile nne Mama Povu alifua mashuka ya hospitali nzima bila kuona hata shuka moja. Siku ya kwanza samaki walijificha. Ya pili mmoja alikaa chini pembeni, na mama wa watu akapiga simu dukani mara mbili, mpaka mzee akamwambia samaki naye ana haki ya kupumzika. Ya tatu walizunguka pamoja. Ya nne aliingia kutoka kazini, hakutua begi, akaenda moja kwa moja kwenye kioo. Walikuwepo. Walikuja mbele kumtazama.

Siku ya tano alirudi mapema. Jua la jioni lilikuwa limeingia, na mwanga wa kijani ulikuwa ukitembea ukutani vilevile. Pampu ilinguruma. Samaki walikuwa wazima, wameng'aa, na maji yalikuwa na ukahawia mdogo sana, wa maji yaliyoanza kukubali samaki. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mama Povu akageuka kumwita.

Jina lilikwisha kufika kwenye ulimi. Alikuwa ameshageuza na uso kuelekea mlango wa chumbani, anatabasamu, anataka kumwonyesha. Ndipo alipojua alichokuwa akikifanya siku zote hizi, tangu alipolifunua tangi. Alikuwa akitandika nyumba kama mtu anayengoja msafiri. Alidhani anautaka mngurumo, na mngurumo umerudi, na uliporudi ukaonyesha vizuri zaidi ni nani asiyekuwepo.

Alisimama hapo mpaka machozi yalipopungua. Wale wawili walikuwa wamekuja juu, wanafungua midomo na kufumba, na safari hii haikuwa kwa kukosa hewa. Walikuwa na njaa. Alichukua kopo la chakula, akalifungua, akachota kwa vidole viwili. Muuza samaki alikuwa amesema kidogo. Alizitazama chembe mkononi, akazipunguza, akaziongeza, akazipunguza tena. Kinyozi aliwalisha kila jioni kwa miaka ishirini na mitatu, hatua tatu kutoka alipokuwa yeye akipiga pasi, na yeye hakuwahi hata siku moja kumuuliza kidogo ni kiasi gani.